Matairi makubwa hayatakuvusha mbuga ya Bahi

Mvua zikikaribia, watu wanaojua kwamba nanunua alizeti na ufuta vijijini huanza kunipigia kwa swali lile lile: "Dada, nifunge matairi saizi gani nisikwame?" Wengi wanaouliza wameshaamua. Wameona Prado imenyanyuliwa, matairi yamechungulia nje ya fenda, na wanataka ya kwao isimame vile. Jibu langu halitoshi kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana naandika hapa.

Nasema hivi: kwa barabara zetu za Dodoma, Singida na Kondoa, wengi wetu hatuhitaji tairi kubwa kuliko lile gari lilitoka nalo kiwandani. Tunahitaji tairi zuri la saizi ile ile, lenye ubavu mgumu, na tunahitaji kujifunza kupima upepo wa tairi. Anayetaka kupanda, apande hatua moja tu, na awe na sababu.

Prado yangu niliinunua kwa mtu, ikiwa tayari imefungwa matairi ya 285/75R16 badala ya 265/70R16 ya kiwandani. Aliyeniuzia alinihesabia matairi hayo kama nyongeza ya thamani, nami nililipa kwa moyo mweupe. Mwezi wa pili nikaenda kufuata mzigo upande wa Chipanga, wilayani Bahi. Nikaiacha lami, nikaingia kwenye ule udongo ambao sisi tunauita mbuga: mfinyanzi mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unakuwa gundi. Sikwenda hata kilomita mbili. Tairi pana lilipanda juu ya tope badala ya kuzama kutafuta udongo mgumu, kashata, yaani meno ya tairi, zikajaa tope, na baada ya mizunguko michache nilikuwa natembelea magogo yaliyopakwa sabuni. Gari likaenda ubavu, likaingia mtaroni, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikakaa chini. Fo wili nilikuwa nimeshafunga, lo, ile gia ya nguvu ya mwendo mdogo, nilikuwa nimeshaweka. Magurudumu yalizunguka, gari likabaki palepale.

Jioni ikapita Land Cruiser mkonga ya kazi, imejaa magunia, iko kwenye 7.50R16, yale matairi membamba ya siku zote. Haikukimbia. Ilikwenda mwendo wa mtu anayewahi bila kukimbia, tairi zikikata tope kama kisu mpaka zikagusa pagumu. Dereva alivuka, akasimama pakavu, akarudi na kamba.

Kulikuwa na mzee anachunga ng'ombe pale pembeni, ametutazama muda wote. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akalitazama gari, akasema, "Mwanangu, idodomya."

Kwa wasio wa huku: ni neno la Kigogo, maana yake imezama. Masimulizi yanayojulikana zaidi kuhusu jina la mji wetu ni ya tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni, akadidimia kwenye tope, watu wakasema idodomya, na neno likageuka Dodoma. Nimeisikia hadithi hiyo tangu shule ya msingi. Siku ile ndiyo niliielewa, kwa sababu unyayo wa tembo ni mpana kuliko tairi lolote linalouzwa mjini kwetu.

Niliporudi nilikaa na daftari. Nawaomba na nyie mkae nalo kabla ya kutoa pesa. Namba ya kwanza kwenye tairi ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha milimita 777 kutoka chini hadi juu. La 285/75R16 lina milimita 834. Tofauti ni 57. Lakini gari halipandi kwa 57, linapanda kwa nusu yake, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua milimita 28 za nafasi chini ya difu. Zipime kwenye rula. Ni upana wa vidole viwili vya mtoto.

Milimita hizo 28 si bure kabisa, na hapa lazima niwatendee haki wanaopenda matairi makubwa. Ukinyanyua gari kwa springi, unanyanyua bodi tu. Difu ya nyuma kwenye ekseli ngumu inabaki chini vile vile. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi. Mtu anayepita kila wiki kwenye makorongo yenye jiwe la katikati, kama njia za kule milimani nyuma ya Mpwapwa, ana hoja. Swali ni anazilipia kwa kitu gani.

Analipia kwanza kwa nguvu. Tairi lile ni kubwa kwa asilimia 7, hivyo kila mzunguko mmoja linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7, na injini inahisi kama umebadilishiwa gia zote kuwa nzito. Gari yenye difu ya uwiano wa 4.10 inakuwa kama ina 3.82. Utaiona kwenye kilima, utaiona zaidi kwenye mchanga, mahali pale pale ulipodhani tairi kubwa litakusaidia. Halafu kila gurudumu limeongezeka kilo kadhaa, na kilo za gurudumu si sawa na kilo za gunia kwenye buti. Zinazungushwa, zinasimamishwa, zinarushwa na kila shimo.

Breki ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu watu hawaizungumzii. Pedi ni zile zile, diski ni zile zile, lakini zinashika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi na uzito zaidi. Nilishuka mteremko wa kutoka Bereko kwenda Babati na nusu tani ya ufuta, na kanyagio likawa linaingia ndani zaidi ya nilivyolizoea. Nilitelemka kwa gia ya pili mpaka chini, mikono imelowa jasho. Sitaki mtu yeyote ajaribu hisia ile, hasa mwenye watoto kiti cha nyuma.

Kisha dashibodi. Kama ilikuwa inasoma sawasawa kwenye tairi la kiwandani, ikikuonyesha 80 unakwenda karibu 86, na ikikuonyesha 50 unakwenda karibu 54. Askari mwenye tochi pale kijijini anapima barabara, hapimi dashibodi yako. Na kilomita nazo zinadanganya: 1,000 zilizoandikwa ni 1,073 ulizotembea. Ndiyo maana hesabu za mafuta za watu wenye matairi makubwa hazikutani. Na ratiba ya kubadilisha oili inachelewa bila wao kujua.

Fundi wangu, ambaye ana gereji ndogo chini ya mti na hana mazoea ya kumsifia mteja gari lake, aliikagua akaniambia, "Mama, hili gari limevaa viatu vya mtu mwingine." Alinionyesha. Ukikata stelingi hadi mwisho, bega la tairi lilikuwa linasugua plastiki ya ndani ya fenda na kona ya bampa. Bol jointi zilikuwa zimelegea, tairodi moja ina mchezo, yaani viungo vinavyoshika na kukata magurudumu ya mbele. Spea, kwa kuwa kwenye Prado ile inaning'inia mlango wa nyuma, ilikuwa imeanza kuvuta bawaba mpaka mlango unafungwa kwa kuunyanyua. Sehemu ya haya ni uzee wa gari, nakubali. Lakini rimu zilikuwa zimesogezwa nje kwa spesa ili tairi lisiguse springi, na gurudumu likisogea nje linazivunja beringi na bol jointi polepole, jinsi ndoo inavyokulemea zaidi ukiishika mkono umenyooshwa.

Nilirudisha 265/70R16. Safari hii nilichagua yenye herufi LT mbele ya namba, yaani tairi la gari la mzigo, lenye tabaka zaidi ubavuni. Huku kwetu ubavu una maana kuliko kimo. Kinachotuua si mawe makubwa, ni miiba ya migunga na visiki vilivyokatwa mshazari na wachoma mkaa. Mwiba ukiingia kwenye kashata, kiraka kinatosha na unaendelea na safari. Kisiki kikichana ubavu, tairi limekufa, liwe kubwa kama la trekta.

Sasa mchanga, na hapa ndipo naomba msomaji akae vizuri, maana ndipo pesa nyingi zinapookolewa.

Mto Bubu unatoka Kondoa, unapita Farkwa, unashuka hadi mbuga ya Bahi, na kwa miezi mingi ya mwaka hauna maji juu, una mchanga tu. Mito mingi ya Kondoa iko hivyo. Ardhi ya vilima vile iliwahi kuliwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili majani yarudi. Nikivuka mchanga ule huwa nakumbuka kwamba ni shamba la mtu la zamani.

Nilipofika kwa mara ya kwanza na matairi madogo, moyo ulikuwa mdogo pia. Nilikuwa na upepo wa paundi 32. Nilishuka, nikatoa mpaka 18 kwenye yote manne, nikafunga fo wili nikiwa bado pakavu, nikaingia gia ya pili ya lo, nikavuka bila kusimama wala kukanyaga breki. Tairi likipungua upepo halinenepi sana kwa upana. Alama yake ardhini inarefuka, kama unyayo wa binadamu badala ya kisigino. Uzito unatandazwa, mchanga haufukuki. Kwa kufungua kifuniko cha valvu, kubonyeza sindano yake na kuhesabu dakika chache, nilipata kukanyaga kwingi kuliko nilikopewa na yale 285 yaliyojaa upepo kama mpira wa ligi.

Lakini upepo ulioutoa lazima uurudishe. Tairi la 18 ukilikimbiza lamini linajikunja, linapata moto, linapasuka, na kona kali inaweza kulivua kwenye rimu. Kwa hiyo pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye betri si anasa. Kipima upepo cha mkononi nacho, kwa sababu vipimo vya vituo vyetu nimeviona vinatofautiana kwa paundi tano. Na pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Mchana wa Oktoba baada ya safari, upepo unapanda wenyewe kwa joto. Ukiupunguza hapo, kesho utaamka na tairi lililolegea. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaandika kPa: 200 ni kama paundi 29, 220 ni kama 32. Kisome, kisha ongeza ukibeba mzigo.

Kuhusu Japani hiyo hiyo: gari likifika bandarini na matairi yanayong'aa, angalia kama yameandikwa STUDLESS. Hayo ni ya theluji. Raba yake ni laini makusudi, na jua la Dodoma litayamaliza kama sabuni ya mche. Angalia pia zile tarakimu nne za umri ubavuni. 1822 ni wiki ya 18 ya mwaka 2022. Tairi la mtumba lenye meno mapya na tarakimu za zamani ni zee lililolala stoo.

Mjomba wangu analima mpunga Bahi na kila masika lazima aingie mbugani, hana namna. Yeye nilimshauri 235/85R16. Ni jembamba kuliko lile 265/70R16 la kiwandani, kimo chake milimita 806, karibu sana na 7.50 ya mkonga, na linamwongezea milimita 14 chini ya difu bila kugusa fenda wala kuhitaji spesa. Hiyo ndiyo hatua moja ninayoisema. Amechagua yenye meno makubwa ya tope na anajua bei yake: linavuma lamini, na kwenye lami iliyolowa linachelewa kusimama, hivyo anapokuja mjini hukaa mbali na gari la mbele. Sisi wengine, ambao lami sasa inatufikisha Babati, Iringa na Singida, tutakuwa tunalipa kelele na kuteleza kwa ajili ya kilomita chache za tope kwa mwaka.

Zile 285 bado ziko uani kwangu. Wiki iliyopita alikuja kijana anayetaka kuzinunua, ana Prado kama yangu. Nilimwambia akate stelingi ya gari langu mpaka mwisho, nikamwonyesha alama za kusuguliwa kwenye plastiki, nikampa rula apime milimita 28. Alizipima mara mbili. Halafu akaniuliza pampu yangu niliinunua wapi.