Vimshale vya njano, na tajiri asiye na hela ya usalama

Ukitazama matairi ya malori na mabasi huku Uingereza, mengi yana vimshale vya plastiki vya njano kwenye nati, viwili viwili vikitazamana. Nati ikilegea, mshale unageuka, na hata mpita njia anaona. Kidude cha bei ya kutupa. Kinanifurahisha na kunikera papo hapo, maana nyumbani gurudumu likichomoka tunasema ni mipango ya Mungu.

Mungu hakulegeza nati. Rangi, kutu na vumbi lililobaki kati ya rimu na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, husagika gari likianza kutembea, na nati iliyokuwa imekaza inapata nafasi. Ndiyo maana huku tairi likishafungwa, nati hukazwa tena baada ya gari kusimama nusu saa, au likishatembea kilomita 40 hadi 80. Kwetu utingo anachomeka bomba kwenye spana, anapanda juu yake, anaruka, kisha safari. Kule kuruka kunaivuta boliti kupita uwezo wake. Haikatiki leo, itakatika mlimani na mzigo juu. Na kabla ya hapo nati inayolegea hutoa taarifa: michirizi ya kutu kutoka kwenye nati kwenda ukingoni mwa rimu. Nani anainama kuitazama?

Najua mnachosema: "Ameonja baridi kidogo, sasa anatufundisha." Hapana. Dereva wetu anayeshusha semi mlima kwa gia bila kuunguza breki ni fundi kuliko wengi wa huku. Simsemi dereva, namsema tajiri, mwenye gari.

"Wenzetu wana hela." Haya, tuhesabu hela. Utingo anagonga matairi kwa chuma, anasema yako sawa. Chuma kinatofautisha tairi lenye upepo na lililoisha. Hakitofautishi upepo wa PSI 110 na wa 80. Kwenye tairi pacha, yale mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, moja likipungua, mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Lililopungua linajikunja kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi za ndani zinakatika, na mwishowe yanapasuka yote mawili. Watu wa matairi huhesabu kwamba lililopungua kwa asilimia 20 limetembea bila upepo, na tairi lililotembea hivyo mara nyingi halivishwi mpira mpya. Tajiri aliyekataa kununua geji ya upepo amepoteza matairi mawili ambayo yangevishwa tena. Hapo sijahesabu mafuta yaliyoliwa na tairi laini, siku gari lilizolala porini na matawi ya miti barabarani, wala abiria walioapa hawapandi tena basi lake.

Saa za kuendesha ni hesabu hiyo hiyo. Huku dereva akifikisha saa nne na nusu kwenye usukani anapumzika dakika 45, na kwa siku hazidi saa 9, isipokuwa mara mbili kwa wiki anaruhusiwa 10. Kifaa kinaandika, hakuna kubishana. Kwetu tajiri anapiga simu: "Umefika wapi?" Anapata saa mbili, anaweka rehani gari zima.

Kinachonichosha zaidi si vifaa, ni daftari. Hapa dereva anazunguka gari kabla ya kuondoka: taa, upepo wa breki unavuja au la, kioo, matairi, viunganishi vya tela. Akikuta kasoro anaiandika, fundi anasaini alichotengeneza, na karatasi inatunzwa miezi 15. Gari likiwa na kasoro ya hatari haliondoki. Kwetu dereva akisema breki inavuta upande mmoja anaambiwa mbona mwenzake hakulalamika, na kesho yake funguo anapewa huyo mwenzake. Mnaosema sheria zetu zipo, kweli zipo. Hakuna kifungu kinachomlazimisha tajiri kumnunia dereva aliyemwokolea gari.