Upasuaji wa Kifua: Mgeni Akiondoka, Ujuzi Unabaki kwa Nani?

Madaktari wa upasuaji wa kifua hawangoji tena jarida lichapishwe ndipo wajue mwenzao wa mbali amefanya nini. Mwaka 2010 Diego Gonzalez-Rivas na wenzake wa A Coruña, Hispania, waliondoa sehemu ya pafu kupitia tundu moja tu la sentimita chache ubavuni, na muda si muda video za upasuaji huo zilikuwa zikitazamwa hadi China, ambako leo ni jambo la kawaida katika hospitali kubwa. Mombasa, ambako nyaya za intaneti za chini ya bahari zimetia nanga tangu 2009, haiwezi kujitetea kwa umbali. Linalostahili kupimwa ni kama ujuzi unaogawanywa hivi unamfikia mgonjwa aliyeletwa kutoka Kwale au Tana River akiwa na usaha kifuani.

Wanaotetea ubadilishanaji huu wana hoja nzito. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,106 wenye saratani ndogo ya pafu, uvimbe usiozidi sentimita 2, na kuonyesha kwamba waliokatwa kipande kidogo tu cha pafu walikuwa hai baada ya miaka 5 kwa asilimia 94.3, ilhali waliokatwa sehemu nzima, yaani mojawapo ya sehemu kuu za pafu, kama ilivyokuwa desturi, walikuwa asilimia 91.1. Daktari asiyepata habari hizi ataendelea kumnyima mgonjwa wake pafu ambalo angeweza kumwachia. Hata hivyo, uvimbe wa ukubwa huo huonekana kwa kipimo cha CT (picha za kina za ndani ya mwili), tena mapema, na baadhi ya wagonjwa wetu hufika kwa daktari wa upasuaji baada ya kutibiwa kifua kikuu kwa miezi kadhaa kabla mtu hajashuku saratani. Maendeleo hayo ni ya kweli, lakini yanamfaa mgonjwa ambaye bado hatujajifunza kumgundua.

Upande wa pili, ambao mimi naupa uzito zaidi, unasema kwamba video humwonyesha daktari mmoja mikono ya daktari mwingine, ilhali kifua hufunguliwa na watu wengi. Daktari wa usingizi lazima aweke mrija wa njia mbili kooni ili pafu moja lilale huku jingine likiendelea kupumua. Mrija huo ukisogea kidogo, pafu hujaa hewa na kamera iliyoingizwa kupitia tundu haioni kitu. Mshipa mkubwa wa damu wa pafu ukichanika, hakuna nafasi ya kurudisha video nyuma, bali timu nzima inapaswa kujua kufungua kifua mara moja. Kisha mgonjwa hurudi wodini na mrija uliounganishwa na chupa, ncha yake ikiwa imezama kiasi cha sentimita 2 ndani ya maji, ili hewa na usaha vitoke bila hewa kurudi. Muuguzi wa zamu ndiye anayetazama kama maji ndani ya mrija yanapanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Yakiacha, huenda mrija umeziba, au pafu limetanuka lote, na kutofautisha mambo hayo mawili si kazi ya kubahatisha. Chupa ikiinuliwa juu ya kifua wakati mgonjwa anahamishiwa kwenye machela kwenda eksirei, maji yanaweza kurudi ndani. Sijaona mkutano mkubwa ukimpa muuguzi huyo jukwaa.

Lakini nisingependa hoja hii igeuzwe kuwa kisingizio cha kusema tungoje hadi misingi ikamilike. Hans Christian Jacobaeus alipochungulia kifua kwa chombo chenye taa huko Stockholm mwaka 1910, aliowashughulikia hasa walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu, si wa saratani, na ugonjwa huo bado tunao. Chombo cha namna hiyo, ambacho leo kina kamera, kikitumiwa mapema husafisha usaha kupitia matundu madogo, kabla haujaganda na kuwa ganda gumu linalobana pafu na kulazimu kifua kipasuliwe kwa upana. Hapo ndipo Pwani ingefaa kuanzia, na roboti ya upasuaji ije baadaye.

Tusisahau pia kwamba njia hii si ya kwenda upande mmoja. Hospitali ya Tenwek huko Bomet ina uzoefu wa miaka mingi wa kuweka mirija ya chuma inayojipanua katika umio uliozibwa na saratani, uzoefu ambao madaktari wa nchi nyingi tajiri hawana.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi humkaribisha daktari mgeni kwa wiki moja kisha tukampungia mkono uwanja wa ndege wa Moi. Ziara za namna hiyo ningezipokea kwa sharti kwamba mgeni na timu ile ile wakutane tena mtandaoni kila wiki kuwajadili wagonjwa waliopo wodini, wakiwemo waliopata madhara baada ya yeye kuondoka. Na kama bajeti ya mafunzo inatosha tiketi mbili tu, ningempa moja daktari wa usingizi na nyingine muuguzi wa wodi, maana daktari wa upasuaji ndiye ambaye video zilitengenezwa kwa ajili yake.