Sebuleni kwa nani?
Mwandishi wa makala moja kuhusu matibabu ya akili kwa simu anatuambia kwamba mgonjwa wa akili aliyeko mkoani sasa hana haja ya kupanda basi, anaongea na daktari kwa video akiwa ametulia sebuleni kwake. Sebuleni kwa nani? Mdogo wangu yuko Newala, huu ni mwezi wa sita tangu aanze kuongea kwa simu na mshauri aliyeko Dar, na siwezi kubeza: kalala usingizi, karudi shambani, na hakuna wa kumnyooshea kidole kwenye foleni ya kliniki ambayo watu huiita "ya vichaa". Ila nyumba yetu haina dari. Ukikohoa chumbani, jirani anakupa pole. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni anachukua kigoda na kwenda chini ya mkorosho, spika masikioni, na watoto wakipita anajifanya anasikiliza mpira. Wiki mbili zilizopita ndiyo kwanza alianza kueleza kifo cha baba, bando likakata. Alirudi ndani kimya, hakula. Halafu hilo la kwamba basi halina kazi tena si kweli: sindano yake ya kila mwezi haipiti hewani, hiyo anaifuata hospitali vilevile, na anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, lazima atolewe damu kupima kiwango cha dawa hiyo, na kazi ya figo na tezi ya shingo pia. Simu imepunguza safari, haijazifuta. Wenzangu mnaotibiwa kwa njia hii na mnaishi nyumba za kupanga, mnajificha wapi mkitaka kulia?