Yadi Ikifungwa Ngong Road, Hasara Hubaki kwa Nani?

Mtu aliyeizoea Ngong Road kabla haijapanuliwa anakumbuka magari yalivyojipanga kando ya barabara, kuanzia upande wa Prestige hadi kukaribia Racecourse. Demio, Vitz, Fielder, Probox, kila moja na karatasi ya mwaka na bei nyuma ya kioo, na vijana wakiyapangusa vumbi tangu alfajiri. Yadi zingali pale, na nyingi nyingine zimetapakaa Kiambu Road na Mombasa Road. Lakini kila baada ya muda unakuta lango jingine lina kufuli. Siku za mwanzo kuna wateja wawili watatu nje, wanapiga simu isiyopokelewa. Baada ya wiki mbili hawapo tena. Ni hao walionifanya niandike, kwa sababu katika ubishi wote kuhusu biashara ya magari kudorora Nairobi, wao hawatajwi.

Ubishi wenyewe una kambi mbili. Kuna wanaosema serikali imeua biashara kwa kodi, na kila yadi inayofungwa ni kazi za vijana zilizopotea. Na kuna wanaosema yadi zilikuwa nyingi mno, zikimpandishia mwananchi bei bila sababu, kwa hiyo acha soko lichuje. Nimewasikiliza wote kwa makini. Kila kambi ina hoja ambayo nyingine haijaijibu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna maduka ya magari mapya, yale ya mawakala rasmi wa kampuni za nje, na kuna yadi za mitumba kutoka Japani. Yote mawili yameumia, ila si kwa ugonjwa mmoja. Januari 2025 CMC Motors, kampuni iliyoanzishwa 1948, ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Al-Futtaim ya Dubai ilikuwa imeinunua mwaka 2014. Kwa vizazi viwili vya Wakenya, CMC ya Lusaka Road ilikuwa mahali ambapo mashirika na wenye mashamba makubwa walinunua gari, trekta na vipuri chini ya paa moja. Kuondoka kwake kulikuwa habari kubwa, lakini anguko lilikuwa limeanza zamani. Mwaka 2015 Kenya iliuza karibu magari mapya 20,000. Kufikia 2023 na 2024 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 11,000, na mengi ya hayo ni malori, mabasi na pikapu. Duka la gari jipya Nairobi linategemea serikali, kampuni na wachache wenye uwezo. Serikali ikifunga mkoba, duka linahema.

Yadi ya mitumba ni hadithi nyingine, na hapa ndipo nataka kukaa, kwa kuwa magari mengi yanayosajiliwa nchini hupitia njia hiyo.

Watu husema shilingi ndiyo iliyoziangusha yadi, na ni kweli, ila wengi wanaeleza nusu tu. Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilifika kama 160. Chukua gari ambalo bei yake Japani, pamoja na nauli ya meli na bima hadi Mombasa, ni dola 6,000. Dola ikiwa 130, gari hilo ni shilingi 780,000. Ikiwa 160, ni 960,000. Shilingi 180,000 zimeongezeka kabla hujalipa hata senti ya kodi. Mwenye yadi akapandisha bei, mteja akarudi nyumbani, gari likakaa.

Nusu ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Februari 2024 serikali ilipata mkopo mpya wa Eurobond, yaani hati fungani za dola zinazouzwa kwa wawekezaji wa nje, hofu ya soko ikatulia, na ndani ya wiki chache shilingi ikapata nguvu hadi karibu 130. Nchi nzima ilishangilia. Lakini mfikirie mfanyabiashara aliyenunua magari kumi Desemba kwa dola ya zaidi ya 150, yakawa baharini mwezi mzima na zaidi, yakafika na kulipiwa kodi, na alipoyapanga yadini jirani yake tayari alikuwa anaagiza yale yale kwa dola ya 130. Akiuza kwa bei yake hapati mnunuzi. Akiuza kwa bei ya jirani anakula mtaji. Shilingi ilimpiga ilipokuwa inashuka, ikampiga tena ilipokuwa inapanda. Hakuna uzembe hapo wala tamaa.

Kambi ya kwanza ina hoja nzito zaidi kwenye kodi. Julai 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa magari ya kawaida huanzia asilimia 20 kwa injini ndogo na kupanda kadiri injini inavyokua. Juu ya hapo VAT ya asilimia 16, kisha ada ya uagizaji na tozo ya reli. Kodi moja hupandia mgongo wa nyingine. Tena KRA, mamlaka ya mapato, haitumii bei uliyolipa Japani. Inaanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya humu nchini, kisha inapunguza kiasi kulingana na umri. Kwa hiyo orodha ya bei hizo ikibadilishwa, kama KRA ilivyotangaza kwamba ingefanya kuanzia Julai 2025, hesabu ya mwenye yadi inabadilika hata kama hajaagiza gari tofauti na lile alilozoea.

Ongeza sheria ya umri. Gari linaloingia lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na KEBS, shirika la viwango, huhesabu kwa mwaka. Kila Desemba kuna mbio za kufikisha magari ya mwaka unaoaga kabla bandari haijayakataa. Yanafurika Nairobi Januari, mwezi wa karo, wakati ambao hakuna mwenye pesa. Siipingi sheria hiyo. Imetuepusha na vyuma chakavu vingi, na upande wa usalama na wa hewa tunayovuta naiunga mkono kabisa. Ninachosema ni kwamba ina gharama, na gharama hiyo huangukia mwezi ule ule kila mwaka.

Sasa kambi ya pili. Wanauliza: kama mtu anaweza kuona gari kwenye mnada wa Japani kupitia simu yake, akampa wakala wa Mombasa kazi ya kulitoa bandarini, kwa nini amlipe mwenye yadi faida juu? Ni swali la haki. Kwa mwenye pesa taslimu, kuagiza moja kwa moja mara nyingi ni nafuu. Na yadi zenyewe zimejiharibia jina. Kuna zilizorudisha nyuma mita ya kilomita. Kuna zilizopaka rangi juu ya mlango uliogongwa. Kuna madalali wanaolipeleka gari moja kwa wateja watatu na kupokea pesa ya wote. Anayesema afadhali hizo zifungwe simpingi.

Lakini kambi hii inamsahau mtu mmoja: asiye na pesa yote mkononi wala hati ya mshahara. Mama anayeuza nguo Gikomba, kijana anayetaka gari la kubeba abiria wa Uber au Bolt, fundi aliyejiajiri. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na mikopo ya benki ikapita asilimia 16 kwa wastani. Hata riba ilipoanza kushushwa Agosti mwaka huo, benki ziliendelea kumtaka mteja mwenye mshahara unaopitia kwao. Yadi ndiyo iliyomwambia mama wa Gikomba alete nusu, nyingine alipe kidogo kidogo. Riba ilikuwa kali, ndiyo, na wengine walinyang'anywa magari. Ila mlango ulikuwepo. Kuagiza moja kwa moja kunataka fedha zote kabla gari halijatoka Mombasa, na hilo halimsaidii.

Wanaotaka soko lichuje lenyewe wangefaa kutazama yaliyotokea Marekani. Mwaka 2009, Chrysler na General Motors zikiwa zimefilisika na kushikiliwa na fedha za umma, ziliamua kupunguza mawakala. Chrysler iliwaandikia mawakala 789 katikati ya Mei, na kufikia tarehe 9 Juni walitakiwa wawe wamefunga. GM ililenga zaidi ya elfu moja, ila iliwapa muda mrefu zaidi. Hoja ilikuwa safi kwenye karatasi: Toyota ina mawakala wachache na kila mmoja anauza zaidi. Mwaka uliofuata, mkaguzi maalumu wa fedha hizo za uokozi alihoji kama kasi ile ilihitajika, na akasema ajira zilizopotea hazikupimwa vya kutosha. Bunge lilikuwa tayari limepitisha sheria ya kuwapa mawakala haki ya usuluhishi, na GM ikajitolea kuwarudisha zaidi ya 600.

Siutoi mfano huo kusema Nairobi ni Detroit. Wale walikuwa mawakala wenye mikataba, mawakili na wabunge wa kuwasemea. Yadi ya Ngong Road ina kipande cha ardhi cha kukodi na namba ya simu. Mfano unaonyesha jambo moja tu: hata pale ambapo kupunguza maduka kulikuwa na mantiki, namna ya kufunga ilileta madhara yake yenyewe, na kulikuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Kwetu mwenye risiti ya yadi hana njia kama hiyo.

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari. Alilipa arbuni ya Nissan Note kwenye yadi moja, akaambiwa gari liko melini. Alisubiri mwezi, kisha wa pili. Siku aliyokwenda kuuliza tena alikuta kufuli. Alipojaribu kufuatilia, alijifunza sheria kwa njia ya uchungu. Kampuni ikifilisika, benki iliyochukua dhamana huwa mbele yake. Wafanyakazi wanaodai mishahara wako mbele yake. Yeye mwenye risiti anasimama mwisho wa foleni, na hapo mwisho kwa kawaida hakuna kitu. Pembeni yake alikutana na mwanamume aliyekuwa amemaliza kulipia gari na kulichukua, lakini hana logbuku, hati ya umiliki wa gari, kwa sababu yadi ilikuwa imekopea lile gari na jina la mkopeshaji bado limo. Na mwingine alikuwa ameacha gari lake mwenyewe pale liuzwe kwa kamisheni. Liliuzwa. Pesa hazikumfikia.

Hawa watatu hawakufanya ujinga. Huyo wa pili angeweza kutafuta kwenye sajili ya dhamana iliyoanzishwa na sheria ya 2017, inayopatikana kupitia eCitizen, akaona kama gari limekopewa. Ni wangapi kati yetu wanaijua sajili hiyo ipo? Mwenye yadi halazimiki kumwonyesha mteja.

Ndiyo maana msimamo wangu haumo katika kambi yoyote kati ya hizo mbili. Sisikitiki sana yadi dhaifu inapofungwa. Nasikitika kwamba inafungwa kwa pesa za wateja. Wakili anatakiwa kuweka fedha za mteja kwenye akaunti tofauti na yake. Yadi inayopokea nusu ya bei ya gari ambalo bado liko baharini haina sharti kama hilo, na naamini linafaa kuwekwa.

Nilipomweleza hivyo mfanyabiashara mmoja wa Kiambu Road, alinijibu bila kuficha. Alisema arbuni ya mteja wa leo ndiyo inayolipa kodi ya gari la mteja wa jana. Ikifungiwa kwenye akaunti maalumu, yadi ndogo zitakufa zote ndani ya mwaka, zibaki kubwa mbili tatu zinazokopesheka benki, na mama wa Gikomba atakosa pa kwenda. Hilo ni pingamizi la kweli na nimelifikiria kwa siku nyingi. Yamkini ana haki kuhusu sharti kali la mara moja. Lakini biashara inayosimama tu kwa sababu mteja mpya anamlipia wa zamani itaanguka siku wateja wapya wakipungua, na katika mdororo wateja hupungua. Afadhali kuanza kidogo: arbuni isizidi sehemu ndogo ya bei mpaka gari liwe limetua na mteja amepewa namba ya chesisi, na gari lililokopewa lisiuzwe bila mkopeshaji kusaini kwanza. Mambo haya mawili hayahitaji fedha za serikali. Yanahitaji kanuni chini ya sheria ya kulinda watumiaji ya 2012, na afisa wa kufuatilia.

Mwalimu sasa anatumia matatu kwenda kazini. Risiti yake ameihifadhi ndani ya faili ya kijani, pamoja na nakala ya mkataba wa ukurasa mmoja. Nimeusoma wote. Una aya kuhusu kitakachotokea mteja akichelewa kulipa. Kuhusu yadi ikifungwa, hauna hata mstari.