Rosa na Bugonoka: kuficha ili ukubalike

Kisiwa cha Ukerewe kimetupa riwaya mbili ambazo ukizisoma pamoja unaziona zinabishana: mtu afiche yake ili akubalike, au aseme wazi liwalo na liwe? Ya kwanza ni ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ikachapishwa kwa Kiswahili 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ya pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda.

Wanafunzi wengi humhukumu Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Kezilahabi, kwa sentensi moja: aliharibika, akamficha mchumba ukweli, akaumbuka. Tatizo la usomaji huu ni kwamba unaanzia mwisho. Anzia nyumbani kwa Zakaria, baba yake Rosa. Barua ya Charles, kijana anayempenda, inamfikia binti, na baba anampiga. Rosa hafundishwi pale namna ya kumpima mwanamume wala namna ya kumkataa. Anafundishwa kuogopa kuonekana. Akivuka ziwa kwenda kusoma Mwanza, na baadaye Morogoro, jicho la baba linabaki kisiwani, na hakuna kingine alichopewa cha kumwongoza. Siku anapoamua kutulia na kukubali uchumba wa Charles, ambaye anataka bikira, anarudia alichojifunza utotoni: anaficha kwamba si bikira tena. Charles anagundua, anamwacha, naye anajiua.

Charles naye ana hoja, na si hoja ya kupuuza. Anayetaka kuishi na mwenzake maisha yote ana haki ya kuujua ukweli, na siri ya namna ile ingeila ndoa yao polepole. Ila tulitazame na sharti lenyewe. Desturi inampa mwanamume njia ya kumkagua mwanamke, na haimpi mwanamke njia yoyote ya kumkagua mwanamume. Rosa akisema kweli anampoteza Charles leo. Akificha anampoteza baadaye. Anayeweka sharti la aina hiyo ameshiriki kuutengeneza uongo anaoulalamikia. Kezilahabi mwenyewe hakuifunga kesi: mwishoni mzozo wa Rosa na baba yake unafika mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama.

Kwa Kitereza aibu haina pa kujificha. Bugonoka hajazaa, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, kisha mume na mke wanatafuta tiba kwa mganga Kibuguma. Wanaeleza kila kitu, wanatibiwa, anazaliwa Ntulanalwo, na baadaye Bulihwali. Kama kuna hadithi inayouthibitisha usemi wa mficha uchi hazai, ndiyo hii.

Hata hivyo, wanaoshika ule wa funika kombe mwanaharamu apite nao wana ushahidi. Myombekere anaweza kuwa wazi kwa sababu jambo lake limeshajulikana na kila mtu. Hana siri ya kupoteza. Tena hayuko peke yake, kwani mke wake amebeba aibu ileile pamoja naye. Rosa amesomea ualimu, anaweza kujilisha, lakini hana hata mtu mmoja wa kubeba naye. Kumwambia angekuwa jasiri kama Myombekere ni kumdai kitu ambacho riwaya haikumpa.

Anayefundisha riwaya hizi achore safu tatu ubaoni: mhusika anasema nini mbele ya mwenye mamlaka, anasema nini kwa rafiki au kwenye barua, na anawaza nini akiwa peke yake. Safu zikitofautiana, pana kificho. Chini yake iandikwe nani anaweza kumwadhibu, na kwa adhabu gani. Bila mstari huo wa chini mjadala unageuka mahubiri.

Kosa jingine la kawaida ni kuuita kila ukimya unafiki. Mke anayenyamaza mbele ya baba mkwe hamdanganyi mtu, maana wote wawili wanajua kwamba kuna yasiyosemwa. Mtoto wa visiwani anayeingia shule ya mjini Mwanza na kubana ulimi asichanganye r na l anaficha kweli, na inauma, lakini haoneshi sura ambayo mwingine ataijengea maisha yake. Kificho cha Rosa ni kizito kwa sababu Charles anaamini hakuna kilichobaki nyuma.

Kwa hiyo swali la mtihani "Je, Rosa alistahili yaliyompata?" ni dhaifu mno kwa riwaya hii. Mwanafunzi aulizwe hivi: kati ya mama yake Regina, Zakaria, Charles na wadogo zake Rosa, ni nani angeambiwa ukweli na bado akabaki upande wake? Athibitishe kwa matukio mawili kutoka kitabuni.