Gırgır: ukurasa uliozaa wachoraji

Kila inapotajwa historia ya Gırgır, jarida la katuni la Uturuki, mazungumzo huishia kwenye mauzo. Idadi yenyewe inashtua kweli: enzi zake za neema liliuza karibu nakala nusu milioni kwa wiki, na wengi waliliweka nafasi ya tatu duniani kati ya majarida ya vichekesho, nyuma ya Mad la Marekani na Krokodil la Umoja wa Kisovieti. Mimi naona sifa hiyo imefunika kazi kubwa zaidi iliyofanywa na ukurasa mmoja wa ndani.

Gırgır lilianza Istanbul mwaka 1972, kwanza kama kona ya vichekesho kwenye gazeti la Gün, kisha likasimama peke yake kila wiki. Mhariri alikuwa Oğuz Aral, akishirikiana na mdogo wake Tekin. Sokoni tayari kulikuwa na Akbaba, jarida kongwe la tangu 1922, lakini lile lilizungumza na wasomi. Aral alizungumza na mtaa. Katuni zake zilijaa watu waliotoka vijijini kutafuta riziki mjini, wanafunzi, wafanyakazi, na kitoto Avni, mwepesi wa kudanganywa, aliyependwa nchi nzima. Runinga ilikuwa moja tu, TRT ya serikali, na mtu wa kawaida hakujiona humo. Kwenye Gırgır alijiona, tena akizungumza lahaja yake.

Ukurasa ninaousema uliitwa Çiçeği Burnunda, na ulikuwa wa chipukizi. Kijana wa mji wa mbali, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa wala hana mjomba gazetini, alichora, akatia kwenye bahasha, akatuma. Ikifaa, ilichapishwa na jina lake chini yake, wiki ileile katika jarida lilelile walimochora magwiji. Hebu fikiria maana ya jambo hilo kwa mtu wa miaka 16! Aral alikuwa mwalimu mkali, na wachoraji wengi waliotamba baadaye walipitia mikononi mwake. Walikuwemo wanawake pia: Özden Öğrük, aliyemchora msichana mtundu Bediş, na Ramize Erer. Katika fani iliyokuwa ya wanaume watupu, hilo si dogo.

Lawama zipo, na moja naikubali. Gırgır lilipenda mno kuchora miili ya wanawake ili kuuza, na kurasa hizo hazipendezi hata kidogo ukizitazama leo. Lile dai la wachoraji wa kizazi cha nyuma kwamba jarida lilishusha hadhi ya sanaa, hilo silikubali. Sanaa iliyokaa maonyeshoni bila kumfikia mpanda basi ilikuwa na hadhi gani?

Baada ya mapinduzi ya Septemba 1980, utawala wa kijeshi ulilifungia kwa muda. Likarudi. Pigo zito lilitoka kwingine: mwaka 1989 mmiliki aliliuza kwa mfanyabiashara mwingine, na waliolitengeneza wakaondoka. Aral akaanzisha jarida la Avni, wenzake wengine la Hıbır. Mnunuzi alibaki na jina, ila mikono iliyochora haikuwa mali ya kuuzwa.

Hapo ndipo ukurasa wa chipukizi ulipolipa. Kabla hata ya mauzo hayo, kundi moja la wachoraji lilikuwa limeshatoka kuanzisha jarida la Limon, lililozaa Leman mwaka 1991. Kutoka Leman wakatoka waanzilishi wa Penguen mwaka 2002, na kutoka Penguen wakatoka wa Uykusuz mwaka 2007. Mwaka 2005 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliishtaki Penguen kwa kumchora kwa sura za wanyama mbalimbali, akashindwa mahakamani. Wachoraji waliosimama imara namna ile wasingeokotwa barabarani tu. Walilelewa na waliolelewa na Aral, aliyefariki mwaka 2004.

Jina la Gırgır lilifufuliwa baadaye, likafungwa na wamiliki wake Februari 2017 baada ya katuni kuhusu Nabii Musa kuzua hasira. Mwaka huohuo Penguen nalo likaaga, likisema wasomaji wa majarida ya karatasi wamepungua. Kufungwa kwa Penguen ndiko kunakoniuma zaidi, kwa sababu damu ya Gırgır lile la kwanza ilikuwa huko.