Mvua Moja, Majina Mawili

Jameni, hii ni wiki ya tatu silali, na anayenikeshesha si mtoto. Ni jina lake.

Binti yetu alizaliwa hapa Kisumu saa kumi na moja jioni, mvua ya ziwani inapiga mabati mpaka nesi anaongea kwa ishara. Mama yangu akapiga simu kutoka Bungoma: "Huyo ni Nafula." Kwetu Wabukusu msichana wa mvua ni Nafula, wa mavuno Nekesa, wa palizi Naliaka, wa kiangazi Nasimiyu. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Nanjala, na mvulana ni Wanjala. Wanjala mwenyewe ndiye mimi. Pekueni mfuko wangu kisha mniambie jina halina nguvu.

Halafu palizi yenyewe mtu wa mtaa wa Kondele, hapa mjini, ataionea wapi? Majira yetu ni mawili: kabla ya kodi na baada ya kodi.

Mama mkwe naye akaja na omena zake, akakaa karibu na mlango, akauliza saa tu. Wajaluo wanafuata saa: asubuhi Akinyi, jua la utosi Achieng', usiku Atieno. "Jioni ni Adhiambo," akasema. Sasa mkwe utambishia? Mimi hata macho simwinulii.

Nikajifanya Suleimani. Si Wajaluo pia wana jina la mvua, Akoth? Nikampigia mama: Akoth na Nafula ni mvua ileile, tukate maneno. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. "Wanjala, mvua ya Kisumu si mvua ya Bungoma."

Mtoto akilia, mama mkwe anataja majina ya bibi zao waliotangulia, mmoja mmoja. Atakapotajiwa lake, atanyamaza. Juzi alipofika jina la nne, mke wangu akamnyonyesha, kimya. Mpaka leo wanabishana kama ni lile jina au ni titi. Mimi najua, lakini nimeshasema, simwinulii macho.

Saa hii mvua imeanza tena. Beseni la kumwogeshea liko chini ya bati linalovuja, na mwenyewe kakodoa macho. Nimemjaribu polepole: "Nafula?" Hakutingishika. "Akoth?"

Jirani wa mlango wa tatu akaitika.